Mashine ya kupumulia: tumuulize mgonjwa mwenyewe



Mwezi huu napenda kuwaeleza jambo lililogawa ukoo wetu kwenye simu wiki tatu nzima. Mdogo wangu aliondoka hapa Nyarugusu na familia yake mwaka 2016, wakaenda Marekani. Kijana wake mkubwa, sasa ana miaka 19, ana ule ugonjwa wa kuzaliwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Ulianza miguuni, ukaja mikononi, na sasa umefika kwenye misuli ya kuvuta pumzi.

Mapafu yenyewe ni mazima, ila nguvu ya kuyajaza hewa imepungua. Ndiyo maana alikuwa anaamka kichwa kinamuuma na mchana anasinzia: usiku hewa chafu ilikuwa haitoki yote mwilini. Wengi tuliuliza, kwa nini asipewe oksijeni tu? Daktari akaeleza kwamba oksijeni peke yake haisukumi pumzi, na kwa mgonjwa wa namna hii inaweza kuongeza hatari. Anahitaji mashine ya kumsukumia hewa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni barakoa usoni wakati wa kulala, na mchana mrija karibu na mdomo, umefungwa kwenye kiti cha magurudumu, anavuta hewa anapotaka. Ya pili ni kutobolewa shingo mbele na kuwekewa bomba. Bomba linamfaa anayehitaji mashine usiku na mchana, au ambaye mate na chakula vinamwingia kwenye njia ya hewa, na uso unabaki huru. Lakini lazima mtu aliyefundishwa awepo kila saa kumfyonza makohozi.

Basi maneno yakawa mengi. Baba mkubwa akasema kutoboa shingo ni kumchinja mtoto. Shangazi akasema bomba ndilo imara, barakoa itamtoka usingizini afe. Wengine wakasema mashine ni ya watu wanaokata roho, aachiwe Mungu.

Kumbe hakuna aliyemuuliza kijana! Mama yake ndiye aliyempa simu. Akasema: "Nataka kula ugali na kuongea na nyinyi bila shida. Nianze na barakoa. Siku ikishindwa, nitakubali bomba. Sijachoka kuishi."

Tukanyamaza wote. Leo anasoma. Mashine ina betri ya akiba, na pembeni ya kitanda kuna mfuko wa kukamua kwa mkono umeme ukikatika. Nyumba nzima wamefundishwa kuutumia, hata dada yake wa miaka 12.

Ndugu zangu, mashine kama hiyo mimi sijaiona hapa kambini. Lakini mwenye misuli dhaifu tunaweza kumsaidia: akilala tumwinue kifua na kichwa, akila akae wima. Akipata kikohozi na homa tusingoje kesho, maana hana nguvu ya kutoa makohozi. Na muuguzi tumwambie wazi habari ya kichwa cha asubuhi na usingizi wa mchana.

Zaidi ya hayo, tumuulize mwenyewe anataka kuishi vipi. Wazee watoe ushauri, ndiyo desturi yetu, lakini pumzi ni yake.