Juu Barafu, Chini Joto: Friji ya Mama Wiki Tatu Kabla ya Harusi



Leo hatuzungumzii singo wala shela. Tunazungumzia friji. Mtatucheka, lakini ngojeni kwanza tuwahadithie yaliyotupata nyumbani kwetu, kisha mseme wenyewe kama hili si jambo la biarusi kulijua.

Sisi ni ndugu wawili wa kike, na tunaishi na mama yetu Ng'ambo. Baba ameshatangulia mbele ya haki, na mdogo wetu wa kiume bado anasoma. Pato letu dogo linatoka kwenye friza: barafu za ukwaju, za maembe na za ubuyu, ambazo watoto huja kununua wakitoka chuoni. Friji yenyewe ina milango miwili, friza juu na sehemu ya kawaida chini, ya aina ile ambayo haigandi barafu kwenye kuta. Tuliinunua imeshatumika, na kwa miaka haikutusumbua.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi ya mmoja wetu. Mama akaanza kulalamika uchovu na kiu, na usiku akawa haishi kwenda msalani. Mama ana kisukari na anachoma insulini. Tukampima, kipimo kikasoma 19. Tukasema labda ni pilikapilika za harusi, labda ameonja halua bila ya kutwambia. Tukampeleka hospitali. Daktari akamuuliza anakula nini na anajichoma vipi, kisha akatugeukia sisi.

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji inapoza?"

Tukasema ndiyo, wala hatukufikiri. Barafu zetu zilikuwa zinaganda kama jiwe.

Tuliporudi nyumbani tukafungua mlango wa chini. Maziwa yamekatika. Mchicha umelala. Tukashika chupa za insulini, zina uvuguvugu. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Ina wiki mbili hivi. Nimeona nyinyi mna mambo mengi."

Dada zetu, hiyo ndiyo aibu yetu, na hatuifichi. Kila siku tulikuwa tunafungua mlango wa juu kwa sababu juu ndiko kwenye pesa. Chini kulikuwa na dawa ya mama, na chini hatukutazama. Daktari hakusema kwa yakini kwamba dawa ndiyo iliyopandisha sukari, lakini alituambia zile chupa tuzitupe, akatuandikia nyingine. Friji ikawa shughuli ya kwanza, kabla ya hina na kabla ya mapishi.

"Gesi imekwisha"

Jirani akatuelekeza kwa fundi. Alipofika alisikia maneno mawili tu, "chini haipozi," akajibu, "Gesi imekwisha." Akatwambia tuizime, tuiwache milango wazi, atarudi asubuhi. Tukahamishia barafu zetu kwa jirani. Asubuhi alikuja na mtungi wake wa gesi, akafanya kazi yake, tukamlipa shilingi 80,000.

Sisi tulikaa chumbani kwa haya. Mdogo wetu wa kiume ndiye aliyekaa naye jikoni, na yeye akili yake ilikuwa kwenye simu. Hatukuuliza gesi imekwisha kwa nini, wala imetokea wapi.

Jioni ile friji ikapoza juu na chini. Tukamshukuru Mungu. Siku ya kumi, chini kukarudi joto.

Biarusi wetu akasema atatoa katika mahari yake anunue friji mpya. Mama akamkatalia pale pale. "Mahari ni haki yako mwanangu, si ya kumnunulia mama yako friji. Halafu hii haijafa. Kitu kilichokufa hakigandishi barafu."

Insulini mpya ilikuwa tumeshaihifadhi kwa jirani. Ile chupa moja iliyofunguliwa mama aliiweka kwa njia yake ya zamani. Wengine mnakumbuka 2008, waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaja tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wakati ule mama alimtunzia bibi dawa zake kwenye chungu. Akafanya vile vile sasa: chungu kidogo ndani ya kikubwa, baina yao mchanga uliorowa, chupa ndani ya mfuko wa nailoni, juu kitambaa kibichi, na vyote pahala penye kivuli na upepo. Hakipozi kama friji, na siku za unyevunyevu nguvu yake hupungua, lakini huipunguzia dawa joto.

Maswali matatu ya mzee

Ami yetu akatuletea fundi mwengine, mtu mzima. Mzee huyu hakufungua begi lake. Alikaa kwenye kibao akauliza, nasi tukajibu tukiwa mlangoni na ami akiwa pembeni yake.

"Friza inaganda?"

"Inaganda sana."

"Sauti ya feni ndani mnaisikia?"

Tukatazamana. Zamani ilikuwa na mvumo, sasa ni kimya, na mara nyengine inakwaruza.

"Mlipoizima usiku kucha, ilipona siku ngapi?"

"Kama kumi."

Mzee akacheka. "Basi gesi haikukuponyesheni. Kilichokuponyesheni ni kuizima."

Akatueleza, na tunawaeleza nanyi kama tulivyofahamu. Friji ya aina hii ina mabomba ya baridi yaliyofichwa nyuma ya ubao wa plastiki ndani ya friza. Feni ndogo huchukua ubaridi wa hapo, ikausukuma mwengine chini kupitia kijinjia chembamba. Yale mabomba hushika barafu, kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa kuna hita ndogo inayowaka kuiyeyusha, maji yakatiririka kwenye kitundu mpaka kwenye trei ya nyuma, yakakauka wenyewe. Hita ikiungua, barafu haiyeyuki. Hujijenga siku hadi siku mpaka ikaziba njia na kukaba feni. Juu panaendelea kuganda kwa sababu pamegusana na mabomba. Chini hapafiki kitu.

Unapoizima usiku kucha ile barafu huyeyuka, njia ikafunguka, na kesho yake friji ni nzima. Lakini hita bado imeungua, kwa hiyo baada ya siku kadhaa mambo ni yale yale.

Na gesi? Mzee akasema gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kudumu humo umri wote wa friji. Ikipungua, kuna pahala inavuja. Fundi anayejaza bila ya kutafuta na kuziba panapovuja anatia maji kwenye pakacha. Tena gesi ikipungua, friza nayo hudhoofika, na yetu ilikuwa na nguvu.

Akachomoa waya, akafungua ule ubao. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa barafu nyeupe, feni imezama ndani. Akaiyeyusha kwa sufuria ya maji moto iliyowekwa ndani, bila ya kisu. Kisha akapima hita kwa mita yake: imekatika. Spea ilipatikana mjini. Kila kitu, pamoja na kazi yake, shilingi 45,000.

Kabla hujaita fundi

Tuliyoyapata kwa mzee yule, na mengine tuliyoyaona wenyewe baadaye, tunawapa biarusi wetu kama zawadi. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya ukutani na mikono iwe mikavu.

Kwanza, sikiliza na utazame sehemu zote mbili. Juu panaganda na chini pana joto: fikiria barafu iliyoziba, au feni. Izime, hamisha vyakula, wacha milango wazi siku nzima. Ikipona kisha ikaugua tena baada ya siku kadhaa, mwambie fundi hivyo hivyo. Maneno hayo yatakuokolea pesa.

Pili, mpira wa mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha uvute. Kikitoka bila ya kushikwa, baridi inavuja pale. Mara nyingi ni mafuta na uchafu tu: osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mpaka ndani ya mikunjo. Mpira ukiwa umepinda, ukande kwa kitambaa kilichochovywa maji moto.

Tatu, maji chini ya madroo ya mboga. Friji haijapasuka. Ni kile kitundu cha maji kimeziba kwa punje ya wali au jani la kotimiri. Kizibue taratibu kwa ujiti laini wa fagio la chelewa, kisha mimina maji ya vuguvugu kidogo.

Nne, friji haipumziki na pato la umeme linakwisha upesi. Tazama nyuma. Mabomba meusi ya nyuma kazi yake ni kutoa joto nje, na yakivaa vumbi hayapumui. Yasugue kwa brashi kavu. Acha nafasi ya shubiri moja baina ya friji na ukuta. Sisi wa visiwani tuna chumvi ya bahari pia: ukiona kutu kwenye mabomba, mwoneshe fundi mapema kabla hapajatoboka. Na sufuria ya mchuzi wa moto usiitie ndani, isubiri ipoe kidogo.

Tano, inalia "tik", inanguruma kidogo, inanyamaza, kisha inarudia. Hapo kompresa inataka kuwaka na haiwezi. Huenda umeme ni mdogo, huenda rilei yake imekufa. Ichomoe, usiiache ijitese. Rilei ni kitu kidogo cha bei ndogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa "kompresa imekufa" kabla rilei haijapimwa. Na umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika tano ndipo uwashe, au weka kifaa cha kulinda friji kinachosubiri chenyewe.

Sita, yasiyo yetu. Usichokoe barafu kwa kisu hata siku moja, bomba likitoboka umeua friji. Na tazama karatasi iliyobandikwa nyuma au karibu na kompresa. Ikiandikwa R600a, gesi yake inashika moto kama ya kupikia. Hiyo ni ya fundi aliyejifunza, madirisha yakiwa wazi, bila ya moto karibu.

Saba, umeme ukikatika usifungue fungue. Sehemu ya chini huhifadhi chakula kama saa 4 mlango ukiwa umefungwa, na friza iliyojaa hufika kama saa 48. Kwa wenye insulini: ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na iliyowahi kuganda haifai tena hata ikiyeyuka. Aina nyingi zikishafunguliwa hukaa nje ya friji kama wiki 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, lakini soma karatasi ya dawa yako na umuulize mfamasia. Kipimajoto kidogo cha friji ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali.

Haya si bubu

Tuna neno moja la mwisho. Fundi anapokuja na mume hayupo, tunajua mipaka yetu: awepo kaka, ami, au mtoto mkubwa wa nyumba. Hilo halina mjadala. Lakini haya haikutukataza kuuliza. Fundi wa kwanza hatukumuuliza kitu, na shilingi 80,000 zikaondoka. Kama aliongeza gesi au hakuongeza, Mungu ndiye ajuaye. Fundi wa pili tulijibizana naye tukiwa mlangoni, na stara yetu haikupungua. Mali ya nyumba ni amana, na israfu ni israfu hata kama pesa imetoka kwa kuona haya.

Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Sukari ya mama ilikuwa imeshateremka, na alikaa kitini usiku mzima akipokea wageni. Mahari ya biarusi ilibaki yake. Siku hizi yuko kwake Fuoni, na kila Ijumaa anampigia mama simu. Baada ya salamu, kabla ya kuuliza nani kaja na nani kaondoka, huuliza, "Mama, feni inavuma?"

Mama huinuka, akafungua mlango wa chini, akaiweka simu ndani ili mwanawe asikie mwenyewe.

Allah atubarikie majumba yetu na atuhifadhie wazee wetu. Amin. Kama yenu imeshawahi kuwachezesha, tuandikieni na sisi tujifunze.

Wabillahi tawfiq.