Swichi ya Feni
Pikipiki ya kaka yangu, inayonilipia karo, ina rejeta. Akikwama katika msongamano wa magari Kampala, upepo hakuna, na feni haizunguki mpaka maji yafikie digrii 100 hivi. Hayachemki, kwa kuwa kifuniko cha rejeta huyabana. Lakini kaka huona hofu, akataka kuiwasha feni mwenyewe. Nilimshauri asiiondoe swichi inayojiwasha kwa joto, bali aongeze ya mkono sambamba nayo, kila moja iweze kuiwasha feni peke yake. Maana mtu husahau. Na injini ikiungua, masomo yangu yamekwisha. Tena asiiwashe tangu asubuhi, kwani injini baridi hula petroli na kuchakaa. Alikubali. Wanafunzi wenzangu, kujitawala si kumfukuza mlinzi.