Safari ya Ngara: Habari ya Msharasi



Twalianza safari yetu Biharamulo, mji wenye boma la kale la Wajerumani. Katika nyumba ya mwalimu aliyetukaribisha, mezani palitandikwa kitambaa cha lesi kilicholetwa na mgeni kutoka Denmark. Mke wa mwalimu akatueleza ifanywavyo. Huko, katika mji wa Tønder, wanawake walizungushia uzi mwembamba katika vijiti vya mti, wakavipishanisha viwili viwili juu ya mto, na kila nyuzi zilipokutana wakachomeka pini ili zisisogee. Vijiti huchaguliwa kwa kuutazama uzi: kizito mno huukata, chepesi mno huuacha ulegee. Pini nazo huwa za shaba, maana chuma kikipata kutu hutia uzi mweupe madoa.

Asubuhi tukashika njia ya Lusahunga na Nyakahura, tukapanda vilima vya Ngara. Karibu na Murgwanza tukapumzika uani kwa mama mmoja, mshonaji wa vikapu. Fungu la nyasi huzungushwa duara juu ya duara. Msharasi, yaani chuma chembamba chenye ncha, hutoboa tundu, na uzi hupita. Tundu likizidi uzi, mshono hulegea.

Binti yake alikuwa ameshona nusu ya kikapu kwa msumari mnene. Mama akakiinua juani. Mwanga ukapenya kila mahali.

“Mwanangu, kifumue.”

“Mama, gulio ni kesho. Na daftari zangu je?”

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Kosa ni langu. Nilikuagiza kazi, nisikupe chombo.” Akaweka chini kikapu chake mwenyewe, kilichobakiwa na mizunguko michache tu, akampa binti msharasi wake. Kwa hiyo siku ile kikapu cha mama nacho hakikumalizika, na kesho yake hawakuwa na cha kupeleka gulioni.

Tulipokuwa tukiondoka, binti alikuwa akishona tena, polepole, na macho yake yamekauka.

Ndugu zetu wazazi na walimu, mara ngapi tumemkemea mtoto kwa kazi mbovu, na chombo chema tumekishika sisi? Tena neno kali kwa moyo mchanga ni kama msumari ule: hutoboa upesi, na tundu lake halizibwi na uzi. Mungu atujalie kuchagua vema.