Mshale Mzito ni wa Aliye Karibu

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hutajwa mno madarasani, na aghalabu hufafanuliwa kwa mifano ya furaha: mtoto wa fundi aliyerithi randa, mtoto wa mganga aliyerithi mkoba. Ni nadra kuulizwa itakuwaje iwapo ufundi wa mzazi umepigwa marufuku na sheria, na mwana akawa ndiye anayeajiriwa kuilinda sheria hiyo hiyo.

Swali hilo ndilo lililokuwa baina ya mzee mmoja wa Kiwata na mjukuu wake, asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, uani mwa nyumba ya udongo isiyo mbali na mto Galana, katika bara ya Malindi. Kijana alilelewa Mombasa. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuanza mafunzo ya uaskari wa wanyamapori, na mama yake alikuwa amemsisitizia: nenda ukamuage babu yako, asije akalisikia jambo hili vinywani mwa watu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekwisha kusikia."

Mzee hakuongeza neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na podo la ngozi lililokauka na upinde mdogo wa mvulana.

Ili ukimya huo ueleweke, ni sharti historia ikumbukwe. Wawata, ambao majirani zao na vitabu vingi vya enzi ya ukoloni viliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji mashuhuri wa ndovu. Pinde zao zilijulikana kwa ugumu; baadhi yake zilipopimwa zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuvutwa, yaani zaidi ya kilo 45. Mwaka wa 1948 mbuga ya Tsavo ilitengwa, na mawindo yaliyokuwa riziki yakageuka kuwa uhalifu. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kali ya kuwakamata wawindaji, na wengi wakatiwa gerezani. Mwaka wa 1960 ulianzishwa mpango wa Galana uliokusudiwa kuwapa Wawata kazi ya uwindaji halali, lakini haukudumu. Hatimaye, mwaka wa 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaongeza ukali wa adhabu. Baba wa mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliofungwa katika miaka ya 1950. Wakati huo mzee mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, na ndiye aliyelificha podo.

Sasa alilimimina juu ya jamvi. Mishale sita ilianguka, isiyo na usungu wala ngozi ya kuufunikia, vyuma vyake vimeshika kutu.

"Chagua mmoja," akasema.

Kijana aliupenda mwembamba, mwepesi, wenye manyoya yaliyosalia vizuri. Mzee akautwaa, akaulaza juu ya kidole cha shahada. Ukatulia ulipopatikana mzani wake, karibu kabisa na katikati.

"Huu ni wa ndege na wa paa wadogo. Chembe chake ni chepesi. Sasa tazama huu." Akaulaza mwingine, mnene, wenye chembe kizito. Huo ulitulia pale kidole kilipokuwa vidole vinne mbele ya katikati. "Chembe ndicho kichwa cha msafara. Kikiwa chepesi mno, mkia nao hutaka kuongoza, mshale ukayumba njiani. Kikiwa kizito, mwili wote hukifuata."

"Kwa hiyo kikizidi uzito ndivyo bora, babu?"

"Nani amesema? Chembe kizito juu ya wano dhaifu ni mzigo wa mtu mzima kichwani pa mtoto. Ukiachia upote, wano hupinda kama samaki aogeleaye, likauzunguka upinde, ndipo linyooke. Lisilopinda hugonga upinde likaenda upande. Linalopinda kupita kiasi huenda upande wa pili. Upinde, wano na chembe ni watu watatu wa nyumba moja. Huwezi kumchagua mmoja bila kuwauliza wawili."

Hapo kijana aliona haya kidogo. Alikuwa amepata alama ya A katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, na neno alilolijua ni mshale tu. Kwamba mti wake huitwa wano, chuma chake chembe, chenye miiba kigumba, na kamba ya upinde upote, hayo aliyasikia kinywani mwa mzee ambaye hakusoma darasa hata moja, na ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya kuzungumzia na majirani.

Maarifa haya hayapingani na ya walimwengu wa leo. Wapiga mishale wa Marekani hununua vyembe vilivyokwisha kupimwa: cha greni 100, ambazo ni gramu 6.5, au cha greni 125, ambazo ni gramu 8.1, na wengi wao hushauriwa mzani wa mshale uwe mbele ya katikati kwa asilimia 10 hadi 15 ya urefu wake. Mshale wa sentimita 75 ukipimwa hivyo, nafasi hiyo huanzia kwenye sentimita 7 na nusu, kadiri ya vidole vinne vya mzee. Aidha, fizikia huthibitisha kilichofuata. Mishale miwili ikipewa nishati sawa, na mmoja ukawa na uzito maradufu ya mwingine, mzito hupoteza takriban asilimia 30 ya kasi, lakini msukumo wake huzidi kwa takriban asilimia 40. Ndiyo sababu hupenya ngozi nene na kuupita mfupa ambao mwepesi ungeukwepa. Gharama yake ni kwamba, kwa kuwa hukawia hewani, huanguka chini mara mbili zaidi kabla ya kuufikia umbali ule ule.

Mzee alisimamisha gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, akahesabu hatua thelathini. Kijana akatupa mshale mwepesi. Uliruka kwa kasi ya kupendeza, ukagusa ukingo wa gunia, ukateleza ukaangukia vumbini. Akautwaa mzito. Ulishuka ukachoma ardhi hatua mbili kabla ya gunia.

"Sogea," mzee akamwambia.

Akasogea hatua tano.

"Sogea."

Alipofika hatua kumi na mbili alivuta tena. Safari hii chembe kilizama hadi wano likamezwa nusu, na kuku waliokuwa uani wakatawanyika.

"Umeona? Mshale mwepesi humdanganya mtu kwamba anaweza kuua akiwa mbali. Akiwa mbali hujeruhi. Mnyama akaondoka na chuma mwilini, akafia asikojulikana, nyama ikaliwa na fisi. Kwa baba yangu hiyo ilikuwa aibu kuliko kulala njaa. Mshale mzito ni wa aliye karibu. Ukiwa karibu unamwona jicho lake, unajua kama ni jike mwenye ndama. Unaweza hata kughairi."

Kijana aliuchomoa mshale, akaufuta vumbi, akakaa nao mapajani. Ndipo akasema kile kilichomleta.

"Babu, nikiwa askari nitawakamata watu wenye mishale kama hii."

"Utawakamata."

"Pengine watakuwa ndugu zetu."

"Watakuwa."

"Je, una radhi nami?"

Mzee hakujibu upesi. Aliichukua mishale mmoja mmoja na kuirudisha podoni, vyembe vikitazama chini. "Askari waliomkamata baba walitupa mishale yake motoni bila kuitazama," akasema mwishowe. "Hawakujua upi ni wa ndovu na upi ni wa kutafutia kitoweo cha watoto. Kwao mshale ni mshale. Sikukatazi kazi. Ndovu nao wamekwisha, si kwa mishale yetu peke yake, na ningependa vitukuu wangu wawaone. Lakini ukimkamata mtu, utazame kwanza alichoshika. Kisha umsogelee, umuulize. Usimhukumu ukiwa mbali."

Hakulitaja neno radhi. Hata hivyo, jioni alimwita kijana akamwonyesha namna ya kulinyoosha wano juu ya moto, na kazi hiyo ikawachukua mpaka usiku. Kijana aliondoka siku ya tatu. Podo lilibaki kwa mzee. Alichobeba ni wano moja alilolinyoosha mwenyewe, lisilo na chembe, na orodha ya maneno aliyoyaandika nyuma ya barua yake ya kuitwa kazini.

Wanafunzi wa Kiswahili wana la kujifunza hapa. Kamusi huhifadhi chembe, wano na upote, lakini kamusi haiwezi kuulaza mshale juu ya kidole. Wanaoweza ni wazee wachache waliosalia katika nyua kama ile, ambao kwa miaka mingi wamefundishwa kuuonea haya ujuzi wao. Kuwaendea si kuutetea ujangili. Ni kusogea zile hatua kumi na nane ambazo kijana alitakiwa kusogea kabla mshale wake haujapenya.