Kuwinda Korongo kwa Bajeti Ndogo: Migori Hadi Ruma

Leo naweka kando mambo ya kodi na seva, ingawa jedwali la hesabu halitakosekana. Nataka niwasimulie jinsi nilivyopanga safari ya mawindo, nikaiharibu kwa mikono yangu, kisha nikaipanga upya.

Yote yalianza na binamu yangu aliyeko Marekani. Kule watu huwinda kulungu wenye mkia mweupe, naye alikuwa anajiandaa kwenda kuwinda katika jimbo jirani. Akanitumia jedwali lake lote: leseni (mgeni wa jimbo hulipa zaidi ya mwenyeji), mafuta ya gari ya kuchangiana watu wanne, hema badala ya hoteli. Mwishoni akaniuliza, "Na nyinyi huko Migori mnawinda wapi?"

Nilicheka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi. Lakini Baba, ambaye nilidhani anasikiliza redio, akasema: "Mimi nimebakiza mnyama mmoja."

Mnyama mwenyewe ni korongo. Baba alipokuwa mtoto alifuatana na Babu kwa jamaa zetu wa bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Alfajiri moja wakamkuta korongo amesimama kwenye nyasi, mkubwa kama farasi, uso mweusi na mweupe kama aliyevaa barakoa. Babu alikuwa na mkuki. Hakuurusha. Baba hakuwahi kujua kwa nini, na hakumwona tena mnyama huyo. Sasa daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho inamla kidogo kidogo kuanzia pembeni. Kwa hiyo mradi huu ulikuwa na tarehe ya mwisho, ila hakuna aliyeijua.

Nikaingia mtandaoni. Niliandika "korongo" nikaletewa ndege mwenye miguu mirefu. Nikajaribu tena, nikaletewa mabonde yaliyochimbwa na maji. Jina moja, vitu vitatu... wenzangu waandika programu mnayajua maumivu haya! Mwishowe nilimpata. Nchini Kenya korongo wa porini wamebaki Ruma tu, hifadhi ya kilomita za mraba 120 hivi ndani ya bonde lile lile la Lambwe. Ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15. Kumi na tano! Darasa letu la chuo lilikuwa na watu wengi kuliko hao.

Desemba 2021 nikafungua jedwali. Ndiyo kwanza nimeajiriwa, mshahara wenyewe mnaujua. Nikafanya kile tunachofanya kazini, nikapunguza kila safu mpaka jumla ikawa ndogo kabisa: shilingi 6,400 kwa watu wawili. Matatu ya asubuhi kutoka Migori, tunapita Rongo hadi Homa Bay. Hapo tunachukua gari la jamaa yetu, ambalo huwa na nafasi kuanzia saa tano. Kuingia Ruma saa sita mchana, kutoka saa kumi na mbili jioni, kulala kwa shangazi bure. Nilijisifu kweli kweli.

Ndugu msomaji, jua la saa saba mchana hata mbuzi hulikimbia. Mvua ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa ndefu kupita dirisha la gari. Tuliona twiga, na mgongo wa nyati mmoja. Mbung'o walituona sisi, hasa mimi niliyevaa shati la buluu (mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta, nimewaambia bure). Siku hizi walau hofu imepungua, maana mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya.

Korongo hatukumwona. Tukiwa njiani kurudi, Baba aliuliza kwa upole, "Kwani ni nani alikuambia wanyama huamka saa sita?"

Sikuwa na jibu. Jedwali langu lilikuwa na safu ya nauli, chakula na mafuta. Halikuwa na safu ya saa. Babu hakujua kusoma, lakini asingefanya kosa hilo. Yeye alilala porini ili alfajiri imkute pale pale. Mimi nilikuwa nimeokoa pesa ya usiku mmoja, na usiku huo ndio uliokuwa safari yenyewe.

Februari 2022 nikaandika jedwali upya, na safari hii nilianza na safu ya saa. Mambo niliyobadilisha ni haya:

1. Tulikwenda wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na kavu.
2. Tulilala ndani ya hifadhi kwa hema la kuazima. Ruma ina maeneo ya kupiga kambi.
3. Tulichukua askari wa wanyamapori wa kutuongoza. Sisi tulikuwa na ramani, yeye alijua walipolala jana.
4. Tulikuwa wanne kwenye gari, kila mmoja akachangia mafuta.
5. Tulibeba chakula na maji kutoka Homa Bay mjini. Malipo ya kuingia tulimaliza kwa simu, maana langoni hawapokei pesa taslimu.

Sehemu yetu mimi na Baba ilifika 9,800. Ghali zaidi, na bado naiita ndiyo safari ya bei nafuu, kwa sababu ile ya 6,400 ilinunua jua tu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukuta wa Kanyamwa ukiwa bado na kivuli, askari alinyoosha mkono. Walikuwa watatu, mbali. Masikio marefu kama ya punda, pembe zimepinda kurudi nyuma. Baba aligeuza kichwa huku na huku. Uwanda ni mpana na macho yake yamebaki tundu dogo la katikati. Hakuwapata. Nilihisi moyo unashuka.

Nikapiga picha kwa kamera niliyoazima ofisini, nikavuta hadi uso wa korongo ukajaa kioo, nikamshikia mbele kabisa ya macho. Kioo kile kilienea ndani ya tundu lile. Akatazama muda mrefu bila kusema neno.

"Ndiye," akasema. Halafu, "Sasa nimeelewa kwa nini Mzee hakurusha."

Nilimuuliza ni kwa nini. Akanirudishia kamera, akaniambia nizime injini nitazame mwenyewe.

Haya, tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye seva.