Ukurasa wa GetTickCount

Mzee aliyenifundisha kazi ametangulia mbele ya haki mwaka huu. Tangu siku ya matanga, wenzangu wa zamani wamekuwa wakinihimiza niandike japo kidogo kuhusu kazi yetu. Nimestaafu, nafasi ninayo, na jambo la kusema ninalo: nyaraka za programu zinaandikwa siku hizi kana kwamba kila kompyuta duniani imenunuliwa jana.

Ya utotoni ni machache. Nilizaliwa Tanga, baba karani wa shamba la mkonge, mama mshonaji. Hesabu zilinipenda nami nikazipenda, zikanifikisha Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyotengeneza programu za vyama vya kuweka na kukopa. Nilitarajia kuandika programu. Nikapewa kazi ya kuwaelezea wenzangu funksheni za Windows tulizozitumia, zile za zamani na zile zilizokuja kushika nafasi zao.

Mzee alikuwa na kitabu cha Charles Petzold, *Programming Windows*, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988, nacho kilikuwa kimelegea uti. Alikiheshimu sana, lakini sharti lake kwangu lilikuwa moja: usiandike sentensi juu ya funksheni ambayo hujaiita kwa mkono wako ukaona inavyojibu. Alipenda kutukumbusha kwamba mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 3, 1971, ulikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za kila amri. Wenye mfumo walitaja wenyewe kasoro za mfumo wao. Kwake huo ndio ulikuwa uungwana wa kazi hii.

Chukua WinExec, funksheni ya kuanzisha programu nyingine. Nyaraka rasmi zinasema imebakizwa kwa ajili ya programu za Windows za biti 16, na zinamwelekeza msomaji atumie CreateProcess. Ni kweli, lakini haitoshi. WinExec inapokea vitu viwili tu, na ikifanikiwa inarudisha namba inayozidi 31. CreateProcess inapokea vitu kumi, inarudisha ndiyo au hapana, na inakuachia vishikio viwili, cha mchakato na cha uzi wake, ambavyo ni juu yako kuvifunga. Anayehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kuambiwa hayo ataacha vishikio wazi kila inapoitwa, na programu inayokaa hewani mwezi mzima itajaa taratibu bila mtu kujua sababu. Mzee aliurudisha ukurasa wangu mpaka habari ya kufunga vishikio ilipokaa juu kabisa. “Binti yangu,” alisema, “anayehama nyumba mwambie na bomba linalovuja.”

Mzee alipostaafu alikuja mkuu mpya wa idara, kijana msomi, mchapakazi. Akaagiza kurasa zote za funksheni za zamani zifutwe katika mwongozo wetu, zibaki mpya peke yake, tena fupi. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana asiyeiona njia mbaya hataipita. Nilimpinga kikaoni, nikashindwa.

Miongoni mwa zilizofutwa ulikuwa ukurasa wa GetTickCount. Funksheni hiyo inahesabu milisekunde tangu kompyuta iwashwe, katika namba ya biti 32, kwa hiyo baada ya siku 49.7 hesabu inajaa na kurudi sifuri. Mrithi wake, GetTickCount64, alikuja na Windows Vista na hana tatizo hilo. Ukurasa mpya ulimsifia mrithi, ila ule mstari wa kueleza anaanzia toleo gani uliondolewa ili kufupisha. Vijana wakamtumia, wakajaribu programu kwenye kompyuta mpya za ofisini, ikaenda vizuri. Matawini wateja wetu walikuwa bado na Windows XP. Kule programu haikufunguka kabisa. Ulitokea ujumbe kwamba funksheni hiyo haimo ndani ya KERNEL32.dll. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na wanachama walikuwa wamepanga foleni.

Mkuu alisema kosa ni la kompyuta kuukuu. Sikukubali siku ile, na leo sikubali. Chama cha akiba cha wakulima hakinunui kompyuta kwa sababu sisi tumechoka kuandika ukurasa.

Nilimpigia mzee simu, nikamwamkia, nikamweleza. Hakutaka kusikia habari za lawama. Aliniambia niuandike ule ukurasa upya, mzuri kuliko wa kwanza.

Niliuandika. Nilieleza kwamba GetTickCount haina ubaya ukiitumia kwa kutoa. Soma saa mwanzo, soma tena mwisho, toa ya kwanza kutoka ya pili kwa namba zisizo na hasi: jibu litakuwa sahihi hata kama hesabu imepita sifuri katikati, mradi muda unaoupima haufiki siku 49.7. Inayokosea ni programu inayojiwekea saa ya mwisho mbele, kisha ikauliza kama sasa imezidi saa ile. Hilo ndilo funzo lililokuwa likifutwa pamoja na ukurasa, na hakuna popote ndani ya GetTickCount64 ambapo kijana angelipata.

Sasa nyinyi mnaoandika leo, sikilizeni. Mkiandika “imepitwa na wakati, tumia ile nyingine”, hamjamaliza. Semeni ya zamani ilifanya nini, mpya inaanzia toleo gani, na wapi hazifanani. Msimbo unaoita ya zamani bado unalipa watu mishahara, na atakayeurekebisha atahitaji kujua mwandishi wake alitegemea nini.

Tena kuna kazi inawangoja. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, programu zinazotunza saa kwa sekunde tangu mwaka 1970 katika namba ya biti 32 yenye alama ya hasi zitafika kikomo Januari 19, 2038. Linux na maktaba zake zimekwisha kupata njia za biti 64. Lakini vifaa vya zamani vitakuwa bado vinafanya kazi, na fundi atakayetumwa kuvitengeneza atatafuta ukurasa wa funksheni ya zamani kwanza.