Choma

Juzi mjukuu wangu alinifuata barazani na daftari la Kiingereza, somo lililopamba moto hapa Bujumbura tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. "Babu, roast ni nini?" Nikamwambia choma. "Na grill?" Choma. "Na burn?" Nikajikuna kidevu. Hiyo nayo choma. Akanitazama kama aliyegundua kwamba babu yake ana neno moja tu.

Angekulia Buyenzi ya utoto wangu, wala asingeuliza. Mitaa yetu ilikuwa na namba badala ya majina, lakini sisi tuliongozwa na pua. Jioni shangazi alitoa jiko la mkaa nje, akalipepea kwa kipande cha boksi, akampasua mukeke, akampaka chumvi, ndimu na pilipili. Mafuta ya samaki yakidondokea makaa, chwaaa! Mtaa mzima umeshajua.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na gereji. Fundi naye alichoma, ila vyuma. Cheche zikiruka, sisi tumekatazwa kutazama na tunatazama, usiku macho yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Zahanati tulichomwa sindano. Kiangazi jua lilichoma utosi. Na ukichelewa kumletea shangazi mkaa wake, mdomo wake ulichoma kuliko jiko. Neno ni lilo hilo, na hatukulichanganya hata siku moja.

Kisha ikaja Jumapili ile, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mjini likashika moto. Moshi wake haukuwa na harufu ya ndimu. Watu walisema soko limeungua; wengine, kwa sauti ya chini, wakauliza nani kachoma. Kuungua hakutaji mtu, kuchoma kuna mkono. Miezi kadhaa neno langu lilinikaa vibaya kinywani.

Shangazi hatunaye tena. Mukeke bado wapo, ila siku hizi ni bei yao inayochoma. Jana nilinunua mmoja, nikawasha jiko, nikamwita kijana na daftari lake aje anuse mwenyewe. Nikaanza habari za shangazi, za gereji, za cheche, hadi samaki akanitoka akilini.

"Babu," akasema, anaziba pua, "hii sasa ndiyo burn."

Tulimla hivyo hivyo, kwa ndimu nyingi.